Bakuli la Mkaguzi

Njombe mjini
18 Februari 2025

Mkwe wangu Esteria,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua ninyi Walutheri mna namna yenu ya kuitikia. Itikia unavyojua, mradi uitikie.

Naandika nikiwa kwa wifi yako Hilda, kando ya jiko la mkaa, maana ukungu wa Njombe mwezi huu hauna adabu, unaingia mpaka kitandani. Hospitali ya Ikonda walinipasua tumbo wakalishona vizuri, mshono umefunga, na sasa kazi yangu ni kula na kulala. Usihangaike na mimi. Wala usinipigie simu. Kwenye simu masikio yangu husikia upepo tu, naishia kuitikia "ndiyo, ndiyo" kwa mambo nisiyoyajua. Juzi nilikubali kununua king'amuzi. Andika barua, mpe Basil, yule konda wa basi la Costa la asubuhi, ataifikisha kwenye cherehani ya Hilda sokoni. Macho yangu bado ni ya mwalimu.

Ninachotaka ni habari za Mkaguzi. Tangu Septemba, nilipofunga nyumba ya Kichiwa nikakuletea paka yule hapo Mahongole, sijapata habari ya kunitosha. Ambrose nikimwuliza ananijibu "yupo, Mama", basi. Sasa mumeo yuko njiani na lori lake kwenda Kongo, kwa hiyo nakuuliza wewe mwenyewe.

Najua hatoki nje. Ni mimi niliyekuomba umfungie, maana majirani zako wanatega sumu ya panya kwenye mahindi, na paka akila panya mwenye sumu tumekwisha. Lakini fikiria. Kule Kichiwa alijitafutia. Panya mzima, na utumbo wake na mifupa yake, ni mlo kamili wa paka. Sasa panya hana. Kila anachokipata duniani kinatoka mkononi mwako.

Ambrose aliwahi kunidokeza kwamba unamnunulia chakula kikavu, zile punje za dukani. Sikatai. Ila nilifundisha sayansi kimu mpaka nikastaafu, na sijawahi kumlisha mtu kitu nisichokijua. Soma kwenye mfuko, uninakilie kila kilichoandikwa, kwa mpangilio uleule, usiruke hata neno.

Halafu Kwaresma hiyo inakuja. Katika nyumba yangu hata paka hufunga. Ujiandae.

Baba mkwe wako, marehemu Dionis, alikata roho paka huyu akiwa amelala miguuni pake. Nampenda, sina haja ya kuficha. Nimtunzie.

Mimi mama yako,
Avelina

*

Mahongole, Makambako
22 Februari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Na Tumsifu Yesu Kristo: milele, amina. Nilimwuliza jirani mmoja Mkatoliki namna ya kuitikia, natumaini sikukosea.

Nimefurahi sana kusikia mshono umefunga na kwamba unakula. Hapa sisi hatujambo. Mvua imetunyeshea vizuri, maharage yanaweka maua. Ambrose alinipigia kutoka Tunduma, foleni ya malori ni ndefu lakini yuko salama.

Mkaguzi yupo na ni mzima. Asubuhi anakaa dirishani kukagua watu wanaopita. Anakula vizuri.

Kuhusu chakula chake, nimenakili kama ulivyoagiza. Vilivyomo: mahindi, unga wa nyama ya kuku, mashudu ya soya, ngano, mafuta ya kuku, unga wa samaki, chumvi, madini, vitamini, taurini. Halafu chini yake: protini asilimia thelathini, mafuta asilimia kumi, nyuzinyuzi asilimia nne, majivu asilimia nane, unyevu asilimia kumi. Na picha ya paka wa rangi ya kijivu. Sikuruka neno.

Kama kuna lolote ninalokosea, Mama, naomba unielekeze. Sijawahi kufuga paka. Kwetu tulikuwa na mbwa na kuku tu.

Mwanao,
Esteria

*

Njombe
27 Februari 2025

Esteria mwanangu,

Marahaba. Umeitikia vizuri, mwambie jirani yako nimempa alama.

Orodha yako nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu. Sikiliza. Vilivyomo hupangwa kwa uzito, kizito ndicho cha kwanza. Hapa mahindi yamekaa mbele. Nani aliyewaambia paka ameomba ugali? Mahindi yamewekwa pale kwa sababu ni rahisi, faida ni ya mwenye kiwanda. Kisha tazama ujanja wao: mahindi peke yake, soya peke yake, ngano peke yake. Kila kimoja kinaonekana kidogo. Vijumlishe, utaona nyama imefunikwa kabisa.

Hata hivyo, usiudharau huo "unga wa nyama". Maji yameshatolewa, kwa hiyo protini yake imekolea kuliko ya nyama mbichi. Asilimia thelathini si mbaya. Majivu nane maana yake mifupa ni mingi humo, na paka dume mwenye majivu mengi na maji machache huziba mkojo, akafa kwa uchungu mkubwa. Kwa hiyo maji, Esteria! Bakuli la maji lisikauke, na liwe mbali na la chakula, paka hapendi kunywa pale anapolia chakula.

Neno taurini lilinishinda. Wakati wetu halikuwamo vitabuni. Hilda amelitafuta kwenye simu yake: ni kirutubisho cha kwenye nyama na samaki ambacho mwili wa paka hauwezi kujitengenezea. Akikikosa kwa miezi mingi, macho yanakufa na moyo unalegea. Nimeogopa kusoma hivyo. Umshukuru Mungu kipo kwenye mfuko wako. Ukiona mfuko usio na neno hilo, uache hukohuko dukani.

Kwa jumla nakipa alama ya C. Kimefaulu kwa shida. Endelea nacho.

Hapa chakula ni kingi, Hilda ananinenepesha.

Mama yako,
Avelina

*

Njombe sokoni
3 Machi 2025

Wifi yangu Esteria,

Kamwene. Naandika haraka, mteja kasimama anangoja sketi yake. Ningekupigia, lakini nikishika simu nyumbani Mama ananikazia macho mpaka nimweleze kila neno, na hapa sokoni kila mtu ni shangazi yake. Nimeficha kikaratasi hiki chini ya viazi. Kisome, ukichome.

Mama hali. Anayokuandikia kuhusu kula si kweli. Anachukua vijiko viwili vya uji anasema ameshiba. Daktari alisema tumbo limepona, kilichobaki ni yeye kula, asipokula mwili hautakuwa na cha kujijengea. Amekonda, wifi, pete ya ndoa ameifunga kwa uzi. Nikimbembeleza anasema chakula hakina ladha. Unamkumbuka siku ile ya kwanza ulipotupikia maharage, alivyoomba chumvi mbele ya wageni mpaka ukalia jikoni? Tangu atoke hospitali hajaomba chumvi hata siku moja. Ndiyo nikajua hali ni mbaya.

Sasa sikiliza. Siku ilipokuja barua yako, aliposoma "Mkaguzi anakula vizuri", alicheka, akaniambia, "Naye anakula, basi na mimi nile." Akamaliza bakuli la uji. Kesho yake akarudi kulekule.

Nakuomba, mwandikie mara kwa mara. Mwandikie paka anakula. Hata kama siku hiyo hakula, andika amekula.

Wifi yako,
Hilda

*

Mahongole
8 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo.

Mkaguzi hajambo kabisa. Jana alimaliza bakuli lote. Leo asubuhi pia alimaliza bakuli lote akalamba na ukingo. Maji nimeyatenga kama ulivyosema, kwenye bakuli la udongo karibu na mlango.

Kuhusu Kwaresma usiwe na wasiwasi. Nyumba nzima tunaifuata kama ulivyoagiza.

Nafurahi sana kusikia kwamba unakula, Mama. Endelea kula. Naomba sana uendelee.

Mwanao,
Esteria

*

Mahongole
20 Machi 2025

Wifi Hilda,

Kamwene. Barua hii usimwonyeshe Mama. Nimeandika nikararua, nikaandika tena.

Mimi ni mwongo. Ile orodha niliyomnakilia Mama si ya chakula cha Mkaguzi. Ninachonunua mimi ni kile cha kupima, kwa Timoth wa duka la pembejeo. Anamimina kwenye beseni, anachota kwa kopo, anakufungia kwenye mfuko mweupe usio na maandishi. Sikuwahi kuona gunia lake. Mama alipotaka maandishi niliona aibu kumwambia kwamba miezi yote hii namlisha paka wake kitu nisichokijua. Nikaenda dukani, nikakuta mfuko mdogo wa chakula cha paka juu kwenye rafu, nikanakili uleule. Nilijiambia punje ni punje. Mama akatoa alama C, akasema niendelee, nami nikaendelea.

Sasa Mkaguzi ana kitu. Haharishi, hatapiki, ila amelegea. Analala kutwa. Mboni za macho yake ni pana hata juani, nyeusi tupu. Juzi alirukia meza akaikosa, akaanguka. Jana nilihamisha kigoda, akaja akakigonga kwa uso. Akasimama pale akikinusa, wifi, nikalia.

Na kuna jambo lingine. Mama alisema katika nyumba yake hata paka hufunga Kwaresma. Zamani nilikuwa nampa dagaa kidogo mara mojamoja. Tangu Jumatano ya Majivu nimemnyima. Dagaa hapati, mfupa hapati, hata maji ya nyama hapati, ni zile punje na uji tu. Analia nikipika nami naziba masikio. Niambie kweli, Wakatoliki mnawafungisha na wanyama? Nilitaka kuuliza tangu mwanzo, nikaogopa mtasema Mlutheri huyu hajui kitu.

Na kila wiki naandika "amemaliza bakuli lote". Siku hizi anakula nusu.

Esteria

*

Njombe
24 Machi 2025

Wifi,

Mungu wangu. MAMA ALIKUWA ANATANIA! Huo ni mzaha wake wa kila mwaka. Kule Kichiwa Ijumaa hatupiki nyama, basi naye paka hapati masalio, ndipo Mama anasema "hata paka anafunga", na usiku paka huyohuyo anakamata panya anavunja Kwaresma mbele ya macho yetu. Marehemu baba alikuwa akicheka mpaka anakohoa. Na hata ingekuwa kweli, dagaa ni samaki, na samaki hakatazwi! Mpe leo. Mpe sasa hivi kabla hujamaliza kusoma.

Sijakucheka. Nimecheka kidogo, halafu nikakumbuka lile neno la taurini, nikaenda kulisoma tena kwenye simu.

Mtafute Bwana Anania, yule daktari wa mifugo hapo Makambako, amwangalie macho.

Lakini Mama asijue bado, nakusihi. Anakula! Tangu uanze kuandika kila wiki, vyombo vinarudi vitupu. Bado amekonda, sijui kwa nini, labda mwili unachukua muda. Tukimwambia sasa paka anapofuka, ataacha, na mimi sina mama mwingine. Tungoje Pasaka ipite.

Hilda

*

Njombe
2 Aprili 2025

Esteria,

Sina maneno mengi leo.

Nimezisoma barua zako zote tena, nikazipanga mezani. Katika kila moja Mkaguzi amemaliza bakuli lote. Mimi nimekaa na paka huyo tangu akiwa wa kutosha kiganjani. Hajawahi kumaliza bakuli. Hata umpe moyo wa kuku atabakiza kidogo, ageuke, aondoke. Kwa tabia hiyo ndiyo tukamwita Mkaguzi: anaonja, anaondoka, kazi iliyobaki ni yenu.

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Paka unayeniandikia habari zake simjui.

Kama amepotea, sema amepotea. Kama amekula sumu, sema. Kama mmemzika, niambie mmemzika wapi. Usiku naamka nikidhani kuna kitu kizito miguuni pangu, nikipapasa ni blanketi. Nimechoka kukisia. Hilda naye nikimwuliza anashona kwa kasi.

Niandikie ukweli, hata ukiwa mstari mmoja.

Avelina

*

Mahongole
5 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Napiga magoti huku naandika.

Yu hai. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Yu hai lakini haoni vizuri. Bwana Anania alikuja Jumatatu. Alisema mapema kwamba yeye ni mtu wa ng'ombe na nguruwe, lakini alimpakata Mkaguzi vizuri, akammulika kwa tochi, mboni hazikusinyaa. Akamsikiliza moyo muda mrefu. Akaniuliza anakula nini. Nikamwonyesha mfuko mweupe. Akanitazama, akasema, "Mama, twende dukani."

Kule kwa Timoth alimwambia alete gunia lenyewe. Timoth akaleta. Lilikuwa na picha ya mbwa, Mama, mbwa mkubwa mweusi, na taurini haikuandikwa popote. Mahindi, pumba, mashudu, halafu "mazao ya nyama" mwishoni kabisa, karibu na chumvi. Timoth akasema mbwa na paka wote hula nyama, tofauti ni sauti tu. Watu wakacheka. Mimi sikuweza. Bwana Anania akamwambia mbwa mwili wake unajitengenezea kile kitu, paka hawezi, paka anakitegemea kinywani. Amekuwa akikikosa tangu Septemba.

Ile orodha niliyokupa niliinakili kwenye mfuko mwingine, kwa sababu nilikuwa nanunua cha kupima na niliona aibu. Wewe ukasahihisha kwa nia njema kitu ambacho hakikuwamo bakulini. Ungejua ukweli mwezi wa pili ungenizuia palepale. Hilo halinitoki moyoni.

Na Kwaresma nilimfungisha kweli. Uliandika hata paka hufunga, nikadhani ni agizo. Dagaa nilikuwa nampa mara chache, hizo chache nazo nikazikata. Usiniulize kwa nini sikuuliza. Nimekuja kwenu nikiwa wa kanisa lingine, kila ninachouliza nahisi napimwa.

Daktari anasema macho yaliyokwisha kuharibika hayarudi. Moyo unaweza kurudi, akipata nyama kila siku. Sasa anapata. Jana alikula mioyo miwili ya kuku na dagaa. Alibakiza kidogo. Naapa, Mama, alibakiza kidogo.

Niliandika uongo kwa sababu niliambiwa ukisikia paka anakula na wewe unakula. Nilikuogopa wewe, lakini kukupoteza nilikuogopa zaidi. Nikasirikie, nifukuze, lakini nakuomba usiache kula.

Esteria

*

Njombe
9 Aprili 2025

Wifi,

Amesoma. Aliikunja barua, akaiweka chini ya mto, akageukia ukutani. Uji niliouacha asubuhi niliukuta umepoa. Nilikaa mlangoni nikiogopa hata kukohoa.

Jioni akanyanyuka mwenyewe, akachukua lile bakuli, akaniambia, "Njoo." Tukaenda nyuma, kwenye banda la kuku la jirani. Akamimina uji mbele yangu. Kuku wakaja mbio hata kabla hajainama, wamemzoea. Akaniambia, "Hivi ndivyo vyombo vyako vilivyokuwa vikirudi vitupu." Akaingia ndani kulala.

Sijui tufanye nini. Nimempigia Ambrose, naye analia tu huko Kongo. Tuombee, na mimi nakuombea.

Hilda

*

Njombe
12 Aprili 2025

Esteria mwanangu,

Marahaba. Simama, magoti hayo yana kazi ya kupalilia.

Nilikasirika. Siku moja nzima nilikukasirikia wewe, siku ya pili nikamkasirikia Hilda, ya tatu nikabaki na mtu mmoja tu wa kumkasirikia. Mimi ndiye niliyekutuma usome mfuko, halafu nikasahihisha karatasi bila kuona chakula chenyewe. Hakuna mwalimu wa mapishi anayetoa alama kwa karatasi. Ningekwambia nitumie punje kiganja kimoja kwa Basil, nikazinusa, nikaziloweka, ningezijua ni za pumba.

Na ule mzaha. Nyumbani kwetu kila mtu alijua kuucheka. Wewe ulikuwa hujakaa nasi Kwaresma hata moja. Mzaha wa mama mkwe kwa mke mgeni ni amri, hilo nilipaswa kulijua, maana na mimi nilikuwa mke mgeni Kichiwa. Uliza, Esteria. Kuanzia leo uliza hadi unichoshe. Na yale maharage, yalikosa chumvi kweli, lakini ningeweza kungoja wageni waondoke.

Hilda ameshakueleza habari za kuku wa jirani. Wanataga vizuri, uji wangu haukupotea. Uliniandikia paka anakula wakati hali, nami nikamwonyesha Hilda nimekula wakati sili. Mficha maradhi kifo humuumbua, nimewafundisha watoto wa watu methali hiyo, nikaisahau mwenyewe. Sikuwa na sababu kubwa. Kila kitu kinywani kilikuwa karatasi. Nilifikiri hamu imetoka pamoja na kile walichokikata Ikonda, na niliogopa kusema, maana kusema ni kukubali.

Sasa mlete. Usimtume kwa Basil, mlete wewe mwenyewe Jumamosi ya Pasaka, kwenye tenga lenye kifuniko, umtandikie ile kanga yangu kuukuu apate kunusa kitu anachokijua. Sitaki tena chakula chake nikisome. Nitakipika. Mioyo ya kuku iwe mingi, maini kidogo tu, si kila siku, dagaa waoshwe mchanga na kuchemshwa. Chumvi hapana. Kitunguu hapana kabisa. Ukimpata Timoth na ule mfuko mdogo wa rafuni, wenye paka wa kijivu, lete pia, tutachanganya kidogo. C ni bora kuliko sifuri.

Naogopa kumwona. Mlete hivyohivyo.

Mama yako,
Avelina

*

Njombe
30 Aprili 2025

Esteria mwanangu,

Ulipoondoka Jumatatu ya Pasaka alikutafuta. Alikwenda mpaka mlangoni akakaa pale, masikio yameelekea barabarani. Nilimwacha, kila mtu ana haki ya kumkosa wake.

Sasa amekijua chumba. Anapita kandokando ya ukuta, sharubu zikigusa. Kiti cha Hilda ameshakigonga, wakaelewana. Nimemkataza Hilda kuhamisha chochote, hata ndoo. Kitandani anapanda kwa kunusa, anapanda polepole, anafika miguuni, anajizungusha, analala. Haoni, Esteria, na sitakudanganya kwamba haliniumi. Lakini jana Bwana Anania alipita Njombe kwa shughuli zake, akamsikiliza, akasema moyo umeanza kupiga kwa nguvu kuliko mwanzo. Akasema tusubiri. Basi tunasubiri.

Nimerudi jikoni. Hilda hakutaka, anasema nitafungua mshono. Nikamwambia mshono umefungwa na watu wanaojua kazi yao. Kila siku nachemsha chungu cha Mkaguzi mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye kigoda, naye amekaa kando ananusa mvuke na kunisimanga kwa sauti yake ile mbaya.

Jana nilikuwa nimechemsha mioyo ya kuku. Unajua mkono wa mpishi haungoji amri. Nikachota mchuzi kwa kijiko, nikapuliza, nikaonja. Umepooza! Maji ya mto yana ladha kuliko ule mchuzi. Nikasahau kabisa kwamba ni wa paka. Nikamwita Hilda, nikamwambia, "Lete chumvi."

Mtoto huyu nilimzaa mimi lakini sitamwelewa. Alikuja na kopo zima la chumvi, kalikumbatia kifuani, analia kwa sauti mpaka mteja wake akaingia kuuliza kama kuna msiba. Nimemwuliza analia nini, ananiambia nikuandikie wewe, kwamba utajua.

Basi kama unajua, kazi kwako. Nilimtolea Mkaguzi wake kwanza, usio na chumvi. Uliobaki nikautia chumvi, nikaumegea ugali, nikala nikiwa nimekaa palepale jikoni, yeye na bakuli lake, mimi na langu.

Yeye alibakiza kidogo. Mimi sikubakiza.

Mama yako,
Avelina